Fuawe la Mjomba Palakiyem

Majibu ya maabara yalimfikia Mazalo akiwa kwa mama ntilie nje ya chuo, Lomé, sahani ya wali na maharage mbele yake. Aliyafungua kwenye simu, akateremka kwa kidole hadi kwenye safu ya kromi, na hamu ya kula ikamtoka palepale. Kromi ilikuwa nyingi mno. Akasogea hadi safu ya nikeli. Nayo ilikuwa juu.

Kwa miaka miwili alikuwa akiifuatilia miamba inayometameta ya milima ya kwao kaskazini. Zamani za kale miamba ile ilikuwa tope chini ya bahari. Tope likafukiwa, likachomwa na kubanwa ardhini mpaka likageuka sura kabisa. Lakini vitu lilivyokuja navyo havikupotea vyote, na anayevipima anaweza kujua tope lilimomonyoka kutoka mwamba wa aina gani. Daktari Amegan, msimamizi wake, alikuwa ameandika tangu ujanani kwamba lilitoka kwenye matale, ile miamba migumu yenye rangi ya mpauko, ya magharibi. Matale hayana kromi ya maana. Kromi nyingi hutoka kwenye miamba myeusi ya volkano.

Basi ama Amegan alikosea, ama sampuli zilikuwa zimechafuka. Mazalo alipokumbuka zilivunjiwa wapi, alisukuma sahani pembeni.

Kesho yake Amegan alimwita ofisini.

"Mashine yetu ya kuvunjia mawe ni mbovu. Sampuli zako ulizivunjia wapi?"

"Kwa mjomba wangu, Daktari. Ulisema nitafute njia."

"Mjomba ana maabara?"

"Ni mhunzi. Yuko Tcharè, kijijini kwetu. Lakini hazikugusa chuma! Kule kwetu fuawe la kufulia chuma ni jiwe, na nyundo pia ni jiwe."

"Jiwe gani?"

Mazalo alitazama vidole vyake. "Jeusi," akasema.

Amegan alivua miwani. "Binti, umevunja jiwe juu ya jiwe, halafu unataka mimi nikwambie unga huu ni wa lipi?"

Mazalo akamweleza njia moja. Angechukua jiwe jeupe safi, lile la kung'aa kama kioo, ambalo halina kromi. Angelivunjia juu ya fuawe lilelile na kulipeleka maabara. Likirudi na kromi, basi imetoka kwa Mjomba.

"Na likirudi nayo?"

"Naanza upya."

"Na utetezi wa tasnifu yako mwezi ujao?"

Mazalo alipiga hesabu ya siku kichwani. Mama yake alikuwa ameshanunua vitenge vya sare ya siku hiyo kwa ukoo mzima.

Alipofika Tcharè, Mjomba Palakiyem alikuwa akifua majembe, maana msimu wa kupandisha matuta ya viazi vikuu ulikuwa umekaribia. Alipokea yale mawe meupe, akayageuzageuza.

"Haya si ya milima yetu. Unatafuta nini humu?"

Angeweza kumdanganya. Njia nzima alikuwa ameupanga uongo wenyewe, lakini ulimi ulikataa. "Mjomba, huenda fuawe lako limeacha unga wake kwenye mawe yangu."

Mzee aliweka nyundo chini. "Fuawe la babu yako?"

"Huenda tu, Mjomba."

"Huenda. Limewalisha nyinyi wote, leo ni chafu."

"Basi mletee maji aliogeshe," mkewe alidakia kutoka jikoni, akicheka peke yake.

Mjomba hakucheka. Alinyanyua nyundo kwa mikono miwili na kuyapiga mawe kwa nguvu ambayo hayakuihitaji. Kila pigo lilipandisha vumbi, na Mazalo alilikodolea macho asijue ni la jiwe lipi. Alipoaga, Mjomba aliitikia bila kuinua uso. Siku zote humsindikiza hadi barabarani. Siku hiyo Mazalo alikwenda peke yake.

Kisha ikawa kungoja. Aliirukia simu kila ilipolia, na mara nyingi aliyepiga alikuwa mama yake.

"Gauni lako fundi alishone refu au fupi?"

"Lolote, Mama."

"Mbona sauti imekauka hivyo? Una mimba?"

"Mama!"

"Si nauliza tu!"

Majibu yalipokuja, Amegan alimpa karatasi. Mazalo aliisoma, akarudia, akarudia tena. Jiwe jeupe lilikuwa jeupe. Kromi haikufika hata ya kuhesabu.

"Basi kromi ni ya tope lenyewe," Amegan alisema, akitazama nje ya dirisha. "Kulikuwa na mwamba mweusi mahali fulani, na mimi sikuuona."

Mazalo alidhani angeshusha pumzi. Hakuishusha, kwa kuwa sasa alielewa atakachotakiwa kusema, na kwamba atakayetajwa kuwa alikosea ni Amegan mwenyewe.

"Utayasema hayo mbele ya jopo?"

"Ukiniruhusu, Daktari."

"Nisipokuruhusu?"

Mazalo akashika ukingo wa meza. "Nitayasema. Ila nitatetemeka."

"Tetemeka. Lakini habari ya fuawe iandike vizuri, maana mimi nitakuuliza hiyo kwanza."

Jioni alimpigia Mjomba. "Fuawe lako ni safi, Mjomba. Wamelipima."

"Sijalipiga tangu uondoke," Mjomba alisema. "Kila nikinyanyua nyundo najiambia, kumbe nimemharibia mtoto masomo. Watu wa majembe wananitukana hapa."

Siku zote hizo Mazalo alikuwa amedhani Mjomba ana hasira naye.

Siku ya utetezi alitetemeka kweli, hata maji ya glasi aliyoshika yakamwagikia kilemba cha shangazi aliyekaa mbele. Amegan aliuliza la fuawe kwanza, kama alivyoahidi, na hakumwachia hadi aliporidhika. Walimpitisha, wakamwagiza arekebishe sura mbili za tasnifu na aende kutafuta ulikokuwa ule mwamba mweusi. Mazalo alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akaanza kuwaza ataanzia upande gani wa milima.