Kwaresima ya Nguruwe Wetu

Siku Koko alipofika kutoka Alimbongo naikumbuka vizuri, mdogo wangu Kambale. Wewe ulikuwa mkekani, kimya, miguu imevimba, nywele zimeanza kuwa nyekundu. Koko, mama wa mama yetu, hakusalimia mtu. Alikushika mguu, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachilia. Shimo likabaki.

"Anakulaka nini huyu?"

"Uji ya mahindi, mama," mama akajibu. "Asubuhi na mangaribi. Unga nyeupe kabisa."

Ni kweli. Hapa Vulamba unga mweupe ndio wa watu wanaojiheshimu. Kwenye mashine wanayakoboa mahindi mpaka ngozi na kile kiini cha ndani vinatoka, ndiyo wanasaga. Pumba tulirudisha nyumbani kwa ndoo, za nguruwe. Alikuwa amenona huyo, macho hayaonekani, anasinzia kama mheshimiwa.

Koko akaenda kumtazama, akarudi.

"Nguruwe ndiye mulimupatia mahindi. Mutoto mukamupatia rangi."

"Lakini mama, tukipika unga ya giza, batu batasema tunakula chakula ya nguruwe."

"Baseme. Midomo yabo ndiyo itabeba huyu mutoto?"

Siku ile ile tulikupeleka kituo cha afya. Muuguzi akasema ni bwaki, utapiamlo wa kukosa chakula cha kujenga mwili. Akakutibu, akamwambia mama kwamba mahindi peke yake hayamjengi mtoto, yanataka wenzake.

Mimi, unanijua, siulizi watu maswali. Lakini kesho yake Koko alipokaa uani kuchambua mahindi, akitupa chooni kila punje yenye ukungu ("hata kuku hapana!"), nikamuuliza kama basi mahindi ni mabaya. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mabaya? Ndiyo ilitulea sisi wote! Tulichoma shambani, tulipika na maharagwe, tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo. Ila hatukuyaachaka peke yake mu sahani."

Tukaenda naye kwenye mashine. Kijana wa pale akamtania: "Koko, hapana kukoboa? Nguruwe yako ilikufa?"

"Iko muzima. Leo anaanza Kwaresima."

Watu wote wakacheka, na mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma yake, nikacheka kwa sauti.

Soya aliyokuwa ameikaanga nyumbani ikasagwa pamoja na mahindi yenye kiini chake. Akatwanga ndakala, vile visamaki vikavu, akatia kwenye uji wako. Kwanza uvimbe ukashuka. Halafu ukaanza kulia kwa nguvu, na mama akafurahi kusikia kelele. Asubuhi moja nilipopeleka ndoo, nyepesi siku hizo, nikakukuta umesimama. Umeshika uzio wa nguruwe kwa mikono miwili, mnatazamana, wewe unampigia makelele kama unamdai deni.

Haya angeyasema Koko, angekuita mwanangu. Mimi nasema mdogo wangu, sikia: ukiwa na nyumba yako, yaheshimu mahindi. Usiyavue uzuri wake ili yawe meupe. Yape wenzake: maharagwe, soya, samaki, majani. Yenye ukungu tupa, hata kama njaa iko. Na usipikie macho ya jirani, pikia miguu ya mtoto.

Mungu aliyekusimamisha pale kwenye uzio akusimamishe kila mahali. Akutunzie na Koko, mpaka siku utakapopanda kwa miguu yako kumsalimia kwake Alimbongo.