Kishoveli Kisicho na Usukani

Mama mkwe wangu alianguka akiwa na kikapu cha samadi kichwani. Ilikuwa kwenye mteremko kati ya zizi na shamba la mahindi. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo, nami nilikuwa nyuma yake na kikapu changu. Niliona mguu wake ukiteleza, kikapu kikaruka upande mmoja na yeye upande mwingine. Hakupiga kelele. Alikaa palepale kwenye tope, akashika nyonga, akaniambia, "Peleka hicho cha kwako kwanza. Ukikitua hapa hutaweza kukipandisha tena peke yako."

Ndivyo kazi ya samadi ilivyokuwa kwetu Mbulumbulu. Wanaume walilima kwa maksai, wanawake tukabeba samadi. Ng'ombe walikuwa wengi, na mikono ya kubeba haikutosha, kwa hiyo samadi zizini ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Wakati ule ilikuwa imepanda kiasi kwamba ndama waliruka ua bila taabu yoyote, wakawa wanashinda kwenye maharage ya watu. Huku chini shamba lilikuwa limechoka, mahindi yanatoka membamba kama manyasi, na chakula chake kimelala pale juu, hatua chache tu, hakuna wa kukishusha.

Mama mkwe hakubeba tena kikapu baada ya siku ile. Alitembea kwa fimbo. Mume wangu alikuwa mlinzi kule juu Ngorongoro, kwenye ukingo wa kreta, na alishuka nyumbani mwisho wa mwezi akibahatika kupata lori. Kwa hiyo kazi ilinibakia mimi, na jioni nilikuwa siwezi kugeuza shingo.

Baba mkwe aliona. Alikuwa mtu wa maneno machache, dereva wa trekta wa zamani kwenye mashamba ya ngano ya walowezi, na goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki tangu trekta ilipompindukia. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwangu akiwa ametazama pembeni, kama alivyofanya siku zote aliposema na mimi, akasema, "Mke wa mwanangu, kesho utaniswagia maksai. Tunakwenda Karatu kuchukua mashine."

Sikuuliza mashine gani. Nilivyolelewa, mke wa mwana hamhoji baba mkwe, hasimami karibu naye, wala hampi kitu mkono kwa mkono.

Tulikwenda na maksai wote wanne hadi shamba moja la kahawa juu ya Karatu, karibu na msitu. Mwenye shamba alikuwa amefunga virago akarudi kwao, na mnyapara alikuwa anaondosha vitu vilivyobaki. Alitupeleka nyuma ya banda la ng'ombe wa maziwa. Pale, chini ya mti wa mgrivea, palikuwa na kitu ambacho sikujua nikiite nini. Kilikuwa kifupi, kipana, kina magurudumu manne yaliyokaribiana, mikono miwili ya chuma iliyopita ubavuni, na mbele kijiko kikubwa ambacho kuku alikuwa amekigeuza kiota. Dereva alikaa ndani ya kizimba cha nondo, mgongo wake ukiegemea injini. Mashoveli ya kutengeneza barabara nilikuwa nimeyaona. Hiki kilikuwa kama mtoto wao.

"Kilikuwa kinakwangua samadi ya banda hili," mnyapara alisema. "Lakini mzee, nisikufiche. Kimekufa siku nyingi. Halafu kitazame vizuri, hakina hata usukani. Kina vipini viwili tu."

Baba mkwe alikuwa ameshainama anachungulia injini. "Maksai wangu nao hawana usukani," alijibu, "na wamelima miaka yote."

Maksai wawili wakabaki pale, kishoveli kikawa chetu. Baba mkwe alifungua minyororo ya ndani iliyozungusha magurudumu ili yaende yenyewe, tukafunga maksai wawili waliobaki, tukaanza kukivuta kurudi nyumbani. Tulipita katikati ya mji wa Karatu mchana kweupe. Watu walitoka madukani. Mmoja akauliza kama hiyo ni ndege iliyokatika mabawa. Mwingine akasema mzee ametoa maksai wawili mahari ya chuma chakavu. Baba mkwe alichechemea mbele bila kugeuka, na mimi nikaswaga huku nikitazama migongo ya maksai, masikio yakiniwaka moto.

Tulilala njiani kwa ndugu, kesho yake tukafika. Majirani walikuwa wamekusanyika. Mmoja wao, mzee wa boma lililopakana na letu, alikizunguka kishoveli, akagonga kijiko kwa fimbo, akacheka hadi akakohoa. Huyo na baba mkwe walikuwa hawaelewani muda mrefu.

Kazi tukaianza kesho yake. Nilidhani nitakuwa naleta maji na chai tu, lakini goti la baba mkwe halikumruhusu kulala chini ya mashine, na pistoni zilikuwa zimekamata, na minyororo iko ndani kabisa ambako mtu hufika kwa kujipinda. Akasimama akitazama pembeni kama kawaida. Kisha akaingia ndani, akatoka na ovaroli yake ya zamani ya shambani, akaiweka juu ya jiwe.

"Vaa hii," alisema. "Khanga itashikwa na mnyororo."

Niliivaa juu ya gauni. Nikalala chini. Spana aliiweka kwenye jiwe, nami nikaichukua kwenye jiwe. Nikimaliza naiweka jiweni, naye anaichukua. Ndivyo tulivyofanya kazi siku za kwanza, tukiongea kwa kupitia jiwe.

Alinifundisha kila kitu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma sala. Tulifungua plagi tukamwaga mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye silinda, tukayaacha yapenye. Kila asubuhi nilishika hendeli ya kuzungushia injini nikaitikisa, ngumu kama mti. Minyororo tuliichovya ndani ya nusu pipa la oili chafu, na mmoja ukakatika mikononi mwangu. Nikaogopa. Baba mkwe akauangalia, akasema, "Nilikuwa naujua mnyororo wa namna hii." Akaenda kwenye shamba la ngano alilofanya kazi ujanani, ambako kombaini za zamani zilikuwa zimeachwa zioze, akamwomba mlinzi, akarudi na mnyororo mzima begani. Uliingia kama ulizaliwa humo.

Miaka ile ilikuwa ya shida. Sabuni ilipangiwa foleni, na kipuri cha mashine ambayo hakuna aliyejua jina lake ulikitafuta wapi? Ila siku moja nilishika hendeli nikatikisa kama desturi, na ikasogea. Kidogo sana, lakini ilisogea. Nikapiga ukelele ambao mama mkwe aliusikia jikoni, akatoka na fimbo yake akidhani nimeumia.

"Imekubali, Baba!" nilisema.

"Usiivunje shingo," alinijibu. "Irudishe, kisha isukume tena. Ibembeleze."

Tukaibembeleza hadi ikazunguka yote. Tukasafisha kabureta, tukatia petroli kidogo aliyotushushia mume wangu kutoka juu, na alasiri moja, baada ya kuzungusha hendeli hadi mikono ikaniganda, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikanguruma. Kuku wakatawanyika. Ng'ombe wakakimbilia kona ya zizi. Nilirukia ndani ya kizimba, nikakanyaga pedali ya kuinua kijiko.

Kijiko kikapanda hadi kiunoni, ndipo mpira wa kupitishia oili ukapasuka. Oili ilimrukia baba mkwe usoni, kifuani, kwenye kofia. Alibaki amesimama, mweusi kuanzia juu hadi chini, macho tu yanaonekana. Nilizima injini nikashuka. Nikavua kilemba changu, nikasahau jiwe, nikasahau mila yote, nikampa mkononi.

Alikipokea. Akajifuta macho. Akanitazama moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nilipoolewa, akaanza kucheka. Mama mkwe akacheka. Nami nikacheka hadi nikakaa chini. Tangu siku ile jiwe halikuwa na kazi.

Tuliupeleka ule mpira Karatu, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja Mwislamu aliyejulikana kwa kupata kisichopatikana. Aliugeuzageuza mezani.

"Huu nitaagiza kwa mpwa wangu Arusha, auvue kwenye tipa iliyokufa," alisema. "Lakini nipe vipimo sawasawa. Fundi wenu ni nani nizungumze naye?"

Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango. Baba mkwe akasogea pembeni, akanionyesha kwa mkono.

"Huyu hapa. Zungumza naye."

Mwenye duka akaangalia vidole vyangu, vyeusi hadi kwenye kucha, akavuta kiti. "Karibu, fundi. Kaa." Nimeitwa majina mengi maishani, lakini hilo nililibeba hadi Mbulumbulu kama mtu aliyebeba mayai.

Mpira ulipofika tuliufunga, haukuvuja. Kuendesha nilijifunzia malishoni. Kila kipini kilikuwa cha upande wake: ukisukuma vyote viwili unakwenda mbele, ukivuta vyote unarudi nyuma. Kukata kona ndiko kulikonishinda, hadi baba mkwe aliponiambia, "Unawageuzaje maksai mwisho wa tuta? Unamzuia wa ndani, wa nje anatembea. Basi mzuie wa kushoto." Nikakiachia kipini cha kushoto, nikasukuma cha kulia, na kishoveli kikageuka palepale kiliposimama, kikachimba duara kwenye majani. Nilikizungusha tena na tena hadi kichwa kikaniuma kwa kizunguzungu na furaha.

Siku ya zizi ilikuwa ya jua. Sijui nani alitangaza, maana wanawake walikuja hata kutoka mbali, wengine na vikapu vyao kabisa, wakidhani kazi itatushinda tutahitaji msaada. Mama mkwe tulimwekea kigoda kivulini. Mzee jirani naye akaja, akaegemea ua, tayari kucheka.

Trekta lisingepita kwenye lango lile. Kishoveli kilipita, na pande zote ikabaki nafasi ya kiganja. Nikashusha kijiko, nikasukuma vipini vyote kwa tamaa, kijiko kikazama ndani ya samadi hadi juu. Nilipokiinua, magurudumu ya nyuma yakaondoka ardhini, mkia ukapanda hewani, nikabaki natazama chini kama mtu anayetaka kutumbukia kisimani. Wanawake wakapiga yowe.

"Shusha!" baba mkwe alipaza sauti akipunga fimbo. "Kidogo kidogo! Hata ugali huli kwa tonge moja!"

Nikashusha. Nikachota kidogo. Nikarudi nyuma, nikageuka palepale katikati ya zizi, nikatoka langoni, nikateremka ule mteremko, nikamwaga shambani, nikarudi. Safari ya tatu au ya nne hivi vigelegele vilianza, na havikukoma. Kijiko kimoja kilimeza vikapu ambavyo mimi na mama mkwe tulivibeba asubuhi nzima. Wanawake walitupa vikapu vyao, wakaingia shambani kusambaza samadi kwa majembe, wakiimba.

Mume wangu alishuka siku ile bila sisi kujua, akifuata kelele za umati ule akidhani kuna msiba. Alisimama uani na begi lake akatazama ovaroli ya baba yake ikirukaruka ndani ya kizimba. "Baba amepata ujana tena?" akauliza. Mama mkwe akamwambia, "Baba yako huyo hapo na fimbo. Yule ni mke wako." Aliweka begi chini. Nilipopita karibu yake nilimwona amefunika mdomo kwa mkono, machozi yamemjaa machoni, na bado sijui kama alikuwa anacheka au analia. Yeye husema vyote viwili.

Mchana tulifika kwenye udongo. Vijana wote waliozaliwa boma lile hawakuwahi kuiona sakafu ya zizi. Na pale sakafuni, kijiko kikakwangua kitu kikalia. Baba mkwe akaingia, akainama, akakivuta. Lilikuwa jembe la plau, limeliwa na kutu pembezoni, lakini lilikuwa na alama aliyoichonga yeye mwenyewe.

Nikazima injini. Watu wote wakasogea, kwa sababu kila mtu alijua habari ya jembe lile. Lilipotea zamani, na baba mkwe alikuwa amemtangaza mzee jirani kuwa ndiye aliyeliiba. Ndiyo sababu hawakuelewana miaka yote ile.

Mzee jirani aliacha ua, akaja taratibu hadi katikati ya zizi. Akalichukua jembe, akalipima mkononi.

"Kwa hiyo mwizi wako ni ng'ombe wako," alisema.

Baba mkwe alivua kofia. "Nimekukosea, ndugu yangu. Mbele ya watu hawa wote nasema nimekukosea. Sema unataka fidia gani. Mbuzi? Mtamba?"

Mzee alimrudishia jembe. Alikizunguka kishoveli kama alivyofanya siku ile tulipokileta, akagonga kijiko kwa fimbo, lakini safari hii hakucheka. Akaja hadi kwenye kizimba, akanitazama mimi.

"Mwanangu," aliniambia, "samadi ya zizi langu imepanda kuliko hii. Mke wangu naye mgongo umekwisha. Fidia yangu hii mashine, kesho, na wewe juu yake."

Nilimwangalia baba mkwe. Akasema, "Usiniangalie mimi. Dereva ni wewe."

"Petroli utaleta?" nikamuuliza mzee.

"Hata kama ni kuitafuta Arusha kwa miguu."

"Basi ondoa yale mawe langoni kwako," nikasema, "nitafika asubuhi."

Alipiga kofi la furaha, akamshika baba mkwe mkono, wakatoka nje ya zizi pamoja kwenda kunywa pombe iliyokuwa imeandaliwa kwa wageni. Mimi nikashika hendeli, nikawasha tena, maana kona ya nyuma ilikuwa bado haijakwisha, na jua lilikuwa bado liko juu.