Wakati wa Kula

Sisi tuliokulia Koboko enzi zile, msiba ulikuwa wetu pia. Wazee wakilia mbele ya nyumba, sisi tuliruka kamba nyuma na kulamba mwiko wa simsim. Mama akitukuta tunacheka alisema tu, "Chekeni polepole, babu analala."

Babu yangu mwenyewe alifia kwake Onduparaka. Nyanya, mkewe, hakutia kitu mdomoni siku tatu. Walimbembeleza kwa uji, kwa enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, hata kwa mboga ya kunde aliyoipenda. Akageuzia ukuta uso. Mama alianza kuogopa kwamba tutazika wawili.

Siku ya mazishi nikapewa kusoma Neno kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni wa Kongo na Sudani Kusini. Mimi, niliyejifunza Kiswahili sokoni kwa wauza samaki! Nilikuwa na miaka tisa, gauni la kuazima, na njaa kali, maana harufu ya kunde ilinisumbua tangu asubuhi. Nikasoma kwa sauti ya gwarideni: "Kuna wakati wa kula, na wakati wa kucheka."

Katekista akakohoa. "Kulia," akaninong'oneza. Kwa ubishi wangu nikarudia kwa nguvu zaidi: wakati wa kula.

Nyanya akainua kichwa. "Mutoto nasoma muzuri," akasema. "Chakula iko wapi?"

Watu walicheka mpaka wakalia upya. Nyanya alimaliza sahani mbili, na mama alikaa kando yake akitazama kila tonge likishuka, machozi yanamtoka.

Siku hizi vijana wetu wanasoma Neno kwenye simu. Mpenzi akipiga katikati ya mstari, marehemu anasubiri. Watoto nao wanafungiwa ndani na katuni, wasisikie kilio. Basi hata kicheko cha msibani hawakijui.

Mwaka jana tulimzika Nyanya mwenyewe, na nikaombwa kusoma tena. Nilisoma sawasawa, herufi zote mahali pake, na hakuna aliyecheka. Nikarudi kukaa. Mama, ambaye sasa ni mzee na alikuwa hajala tangu juzi, akanivuta mkono.

"Soma ile ya kwako," akasema.

Nikasimama. Siku ile nilikosea kwa njaa; safari hii nilikosea kwa kupenda, na mama akaomba sahani.