Siku Niliyomwacha Mzee Mbwambo Mlimani

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwanangu, nilipokuwa na miaka thelathini na mmoja na kichwa kigumu kweli kweli. Nilikuwa na miaka miwili tu Marekani. Siku tano za wiki nilipakua mizigo kwenye ghala kule Landover, ya sita nikawa napanda baiskeli. Nakusimulia leo kwa sababu nimeiona baiskeli yako mpya kwenye kibaraza changu hapa Springfield, ile yenye matairi mapana ya kukanyagia changarawe, na nimesikia keshokutwa mnakwenda milimani. Kaa kidogo. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza, jibu, mimi naendelea na Kiswahili changu.

Siku zile hatukuwa na baiskeli za namna hiyo. Yangu ilikuwa ya mtumba, nzito, ina keria nyuma kama zile za kubebea viazi kwetu Lushoto. Niliyefuatana naye alikuwa Mzee Mbwambo, Mpare wa Same, aliyenizidi miaka karibu thelathini. Alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee hapa hapa, na ukimuuliza anaiwezaje kazi ile kwa umri wake, anakujibu kwamba wale wanamwita kijana. Ndiye aliyenipokea nilipofika, akanipa chumba, akanifundisha kupanda basi. Mpare na Msambaa ni majirani, basi tulitaniana kutwa.

Mzee alikuwa na hamu moja. Siku hewa ikiwa safi, ukiwa pande za Manassas unaiona milima ya Blue Ridge kwa mbali, na yeye kila akiiona anasimama. Alisema hatarudi Upare kabla hajakanyaga mgongo wa mlima mmoja akaona upande wa pili kuna nini. Pia alikuwa na kisukari. Asubuhi ile, tulipozishusha baiskeli kwenye gari lake chini ya milima ile, alifunga kibegi chake kwenye keria yangu kwa sababu yake haikuwa na keria. Ndani mlikuwa na ndizi, viazi vitamu na juisi. Akaniambia, "Humo ndimo mna uhai wangu, usinikimbie." Nikacheka.

Mwanangu, mimi nimezaliwa msituni nikadhani misitu nimeimaliza. Sijui nikuelezeje ile barabara. Changarawe nyeupe imeingia katikati ya miti iliyonyooka mpaka shingo inauma ukiitazama, majani bado machanga, na jua likipita humo kila kitu kinakuwa kijani, hata mikono yako. Kijito kimekatiza barabara bila daraja, unapita ndani ya maji. Ukungu ulikuwa unapanda taratibu kutoka bondeni, na hapakuwa na sauti ila ya changarawe chini ya matairi. Nilinyamaza, na wanaonijua wanajua mimi kunyamaza ni jambo kubwa.

Kabla barabara haijaanza kupanda kwenyewe kulikuwa na nyumba ya mwisho. Mama mmoja wa Kizungu, mvi tupu, alikuwa akilipaka rangi sanduku lake la barua pale getini. Mzee akashuka kwenye baiskeli. Akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, akataja jina lake na mahali tulipotoka, akamwonyesha kwa kidole tunakokwenda, akaniita na mimi anitambulishe. Yule mama akajaribu kulitamka jina Mbwambo mara tatu, wakacheka wote wawili. Akaeleza kwamba huko mbele hakuna nyumba tena. Ikapita dakika kumi nzima.

Mimi nilikuwa naona aibu. Kwetu Lushoto nisingethubutu kukatiza mbele ya nyumba ya mtu bila salamu, mama yangu angenifinya. Lakini nilishajifanya Mmarekani. Nilikuwa najua, au nadhani najua, kwamba huku kila mtu na lake, na saa ni saa. Nikamwambia, "Mzee, huku watu hawasalimiani hivyo. Watatuona washamba." Akapanda baiskeli yake.

Barabara ikainuka. Mzee alikuwa anakanyaga taratibu, anasimama, anagusa gome la mti, anasikiliza ndege. Kila akisimama nami roho inanichemka. Nikajiambia, mimi mtu wa milimani, nitangoja mpaka lini? Nikasimama kwenye pedali nikaondoka. Sikuaga, mwanangu. Nilisikia ananiita mara moja, nikajifanya sikusikia. Hilo silisemi kwa watu, wewe nakuambia.

Nilipanda karibu saa nzima nikiwa nahema kama ng'ombe. Nilipofika juu miti ikaachana, na dunia ikafunguka. Chini kulikuwa na bonde pana lenye mashamba madogo madogo, na mto Shenandoah umelala humo ukijikunja, unakwenda, unarudi, unakwenda tena, maji yanang'aa. Nyuma ya bonde mlima mwingine, na nyuma yake mwingine, kila mmoja bluu iliyofifia kuliko wa mbele, mpaka hujui wa mwisho ni mlima au ni mbingu. Nikasema kwa sauti, "Mzee, hebu ona," nikageuka.

Nyuma yangu palikuwa na barabara tupu. Macho yakaangukia keria, na kibegi kikiwa kimefungwa vile vile alivyokifunga.

Nilishuka mlima ule nikiwa nalia. Nilikuwa naita jina lake na msitu haunijibu kitu. Katikati ya mteremko nikaikuta baiskeli yake imelala kando ya barabara, gurudumu la mbele limeingia majanini, mwenyewe hayupo. Niliteremka makorongoni nikapekua vichaka kwa mikono. Uzuri wote ule wa asubuhi sasa ulikuwa unanitisha, maana msitu wenye ukubwa ule unaweza kummeza mtu kimya kimya. Simu hatukuwa nazo, na hata wewe na yako, ngoja ufike kule uone kama ina mtandao.

Ndipo nikasikia gari. Yule mama alikuwa anapanda na pikapu yake polepole, anachungulia kando za barabara. Akasimama akaniuliza, "Wewe ndiye kijana wa Mbwambo?" Nikaitikia kwa kichwa, nikapakia baiskeli zote mbili nyuma ya pikapu, tukashuka.

Mzee alikuwa amekaa barazani kwa yule mama, blanketi mabegani, glasi ya juisi ya tufaha mkononi, uso umekuwa kama majivu. Mwili ulianza kumtetemeka baada ya mimi kuondoka. Aliiacha baiskeli, akarudi kwa miguu akishika mti mmoja baada ya mwingine, akaanguka pale getini. Yule mama hakuficha kitu. Alisema angemwona mtu asiyemjua, mgeni, anapepesuka getini kwake, angedhani mlevi, angefunga mlango na kuita polisi. Lakini huyu alikuwa anamjua. Alimkimbilia akimwita kwa jina.

Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Nilingoja matusi, na nilistahili. Mzee akaniuliza, "Umefika juu?"

"Nimefika, Mzee."

"Kukoje?"

Mwanangu, nilikosa pa kuficha uso. Kukoje, anauliza mtu aliyeungojea mlima ule miaka, na mimi ndiye niliyemnyima. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nchi hii haikukukataza kusalimia wala kumngoja mwenzako. Umejikataza mwenyewe."

Tulirudi mwezi wa kumi, majani yamewaka nyekundu na manjano. Tulikula kwanza kwa yule mama, halafu nikatembea nyuma ya Mzee nikisukuma baiskeli mbili, yeye mbele na kibegi chake mgongoni. Tulitumia nusu ya siku. Kule juu alisimama ukingoni akautazama ule upande wa pili. Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo mbele ya milima ile yote, akaiambia, "Shikamoo." Hakuwa anatania. Na mimi nikajikuta nimesema hivyo hivyo.

Basi keshokutwa nenda, wala sikuzuii. Ila mwendo wa kundi lenu uwe wa yule anayechoka mapema, na chakula cha mwenzako kisiende mahali ambapo yeye hayupo. Mkifika nyumba ya mwisho shukeni, msalimieni aliyepo, mtaje majina yenu na mnakokwenda, hata kama wenzako watakuona mshamba. Sisi ni wageni hapa, mwanangu, na mgeni asiyejulikana jina akianguka anaangukia pabaya. Na mkifika juu, hakikisha unayetaka kumwambia "hebu ona" yuko kando yako.

Mungu akupe miguu yenye nguvu na moyo wa kungoja. Akufikishe kileleni ukiwa na wenzako wote, na nyote awarudishe salama hapa kibarazani, mniambie kukoje.