Kaka Zangu Wanne Walishindwa Kumgeuza Mama Kitandani

Admin, nifiche, maana kaka zangu wanafuata ukurasa huu. Wakijitambua, na wajitambue.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Nimeolewa mji wa mbali, Bute, ila tangu mwaka jana niko Waberi, Garissa, namuuguza mama. Amepooza upande mmoja. Hawezi kujigeuza, lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo ngozi inachubuka na kuoza.

Mwezi uliopita mume wangu aliugua, nikaenda kumtazama. Kaka zangu wanne wanaishi papa hapa mjini. Wakaniambia kifua mbele, "Abaayo, dada yetu, nenda. Sisi ni wanaume wanne, tuna wake. Hooyo, mama yetu, atakosa nini?"

Kila niliyempigia simu alijibu, "Yuko salama, alhamdulillahi." Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Mama alikuwa na kidonda kiunoni, ngumi yangu ingeingia. Hakulia. Aliniuliza tu, "Umekuja?"

Nikawaita wote. Mkubwa alidhani wa pili anamgeuza. Wa pili alidhani ni wa tatu. Wa tatu alidhani wake zao wanafanya. Kitinda mimba, Yusuf, alijisogeza nyuma yao. Wanaume wenye ndevu, kila mmoja amejibanza nyuma ya mwenzake kama mbuzi kwenye mvua!

Na huyo Yusuf ndiye anayeniuma zaidi. Ramadhani nilipolazwa hospitali, wengine walikuwa safarini Mandera, akabaki na mama peke yake. Nilimkuta mama ameoshwa, amepakwa mafuta, anacheka. Ni mtu yuleyule, wallahi. Nikamuuliza, "Safari hii ulikuwa wapi?"

"Wakubwa walikuwepo," akasema. "Ningeulizwa mimi?"

Nilitamani kumtemea mate.

Sasa mume wangu anataka nirudi Bute kwa watoto wangu. Nataka nimkabidhi mama kwa Yusuf peke yake, nitangaze mbele ya wajomba kwamba wale watatu wasiguse kazi hiyo. Mkubwa ameapa nikimwaibisha hivyo nisikanyage kwake tena. Wakati wa kumgeuza mama hana mikono, ila wa kutetea heshima yake anayo. Mama naye analia, eti alizaa wavulana wanne, anawataka wote wanne.

Nyinyi mliowahi kuuguza wazazi, semeni nami. Nimpe Yusuf nivunje undugu? Au nimtii mama, niwaache wote wanne wampende mpaka afe?