Walinisindikiza Makka, Nikaishia Masoko

Aibu hii naisema mwenyewe, kwa kuwa hapa Kivinje wameshaisimulia wote na kila mmoja ametia chumvi yake.

Mimi ni mjane, nasomesha wanawake Kurani, na damu ya mwezi nilishaisahau miaka mingi. Ilipoanza kutoka tena, matone matone, nikaenda zahanati, nesi akanipima, akasema, "Bibi, una kinyama kimeota kwenye mlango wa kizazi. Nenda hospitali Masoko wakakitoe." Hapo mimi nilisikia kifo tu. Nikaamua nipite kwanza nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kila aliyeuliza naenda wapi nikamjibu, "Safari, mniombee dua" (mahali penyewe panapoumwa ningepatajaje mbele za watu?).

Sasa mtu mzima aombe radhi mtaa mzima, asiseme aendako, na hija imekaribia. Asubuhi nafungua mlango, nakuta mikeka, masufuria ya pilau, na wanafunzi wangu wameshika dufu. Jirani yangu Bi Somoe akanikumbatia huku analia. "Dada, uniletee Zamzam, hata kikombe."

"Somoe, ngoja nikwambie," nikasema, lakini kasida ilishapanda, wakanisindikiza hivyo hivyo hadi kituoni, na dereva wa basi dogo akazima redio kwa heshima yangu.

Daktari, binti mdogo tu, alinieleza kwa upole kwamba kinyama kidogo kisichosumbua huweza kuachwa, ila changu kinatoa damu, na kwa umri wangu lazima kitoke. Kinashikwa kwa koleo na kusokotwa, kikiwa kinene hufungwa uzi shinani au shina likachomwa, kisha hupelekwa maabara kuangaliwa kama kina saratani. Nikafumba macho, nikaanza Yasini. Sijafika mbali akasema, "Tumemaliza, bibi. Nenda nyumbani, ila damu ikizidi urudi."

"Nyumbani leo? Hamnilazi?"

"Tukulaze kwa lipi, bibi?"

(Nilimbembeleza anilaze, walau siku moja. Akacheka.)

Alasiri nashuka Kivinje, watu bado wanakwangua ukoko. Bi Somoe akasema, "Hajati, ndege imekuacha?"

"Labda siku hizi kuna basi la moja kwa moja," akadakia mwingine.

Nikakaa mkekani nikaeleza yote, na mahali nikapataja. Walicheka mpaka wakajifuta machozi, na Bi Somoe ndiye aliyecheka kuliko wote. Kisha akanifuata ndani, akafunga mlango. "Dada, na mimi natokwa na matone, tangu Ramadhani. Huyo daktari ni mwanamke kweli?"

Kesho yake nikampeleka. Naye alikuwa na kinyama, kikatolewa, na majibu yetu sote yalikuja salama, alhamdulillah. Radhi nitaendelea kuomba, maana ni wajibu, lakini nimeweka nadhiri kwamba nikiumwa tena nitaanza kwa kutaja ninapoumwa, hata kama imamu yupo.