Majani Mlangoni kwa Ng'washi

Kwa miaka arobaini na mitatu Ng'washi alifagia uwanja wa nyumba yake kule Bujora, na kama kuna siku alizoruka, basi ni zile alizojifungua. Alfajiri alitoka na kopo la maji, akachota kwa kiganja na kurusha huku na huku kutuliza vumbi, kisha akainama na ufagio wa vijiti mpaka ardhi ikabaki na mistari mizuri kama nywele zilizochanwa. Uwanja mtupu, mgumu, bila unyasi hata mmoja. Kwa watu wa kule hiyo ndiyo dalili kwamba nyumba ina mwenyewe. Ukikuta majani yamefika mlangoni, huna haja ya kupiga hodi: wenyewe wamehama, au wamekufa.

Sasa mtu kama huyo ukimleta mjini ukamkabidhi bustani ya ukoka, unategemea nini?

Aliyemleta ni mwanawe Alexander, na alimleta kwa mapenzi. Mzee Machibya alipofariki, mwaka juzi, nyumba ya Bujora ilibaki na mwanamke mmoja, kuku wanane na paa linalovuja. Alexander alikuwa amejenga Buhongwa, jijini Mwanza, kwenye kilima, nyumba ya vyumba vinne yenye geti jeusi. Mbele ya nyumba, kuanzia geti mpaka kwenye ngazi za baraza, alikuwa amepanda ukoka. Alichimbia mabomba, akaweka na vile vichwa vya kurushia maji vinavyozunguka vyenyewe. Kazi yake ilikuwa mgodini upande wa Geita, wiki kadhaa huko na siku chache nyumbani. Siku ya kuondoka alimwonyesha mama yake bustani kwa mkono mmoja, akamwambia, nusu kwa utani, kwamba bustani ni yake yeye mama, aitunze.

Alexander alisahau maneno hayo kabla hajafika kivukoni. Ng'washi aliyashika kama kiapo.

Lazima niseme ukweli kuhusu maisha yake katika nyumba ile, maana bila hilo hutamwelewa. Hakunyanyaswa. Dorcas, mke wa Alexander, alikuwa muuguzi, binti wa Kihaya kutoka Bukoba, mwenye adabu na mwenye haraka. Alimpikia mama mkwe wake, akamnunulia sweta, akampigia goti kila asubuhi kabla ya kukimbilia kazini. Mjukuu Rebeka, mwenye miaka sita, alikwenda shule na gari la saa kumi na mbili. Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Vyombo vilishaoshwa, nguo zilifuliwa na mashine. Ng'washi alikaa kwenye kochi mikono imelala mapajani, akajiona mgeni ambaye amepitiliza siku zake. Kazi aliyopewa kwa mdomo wa mwanawe ilikuwa moja tu, ile bustani.

Basi aliifanya. Aliifanya kwa namna aliyoijua, asubuhi na jioni: kopo la maji, kiganja, rusha huku, rusha huku, kisha ufagio. Alifagia ukoka! Majani yaliyolegea yaling'oka, vijikamba vinavyotambaa vikakatika, naye akakusanya uchafu wake kwenye kona na kunyoosha mgongo, ameridhika.

Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukaingia, kiangazi kikakaza. Maji ya bomba mtaani kwao yalikuja kwa mgao, siku mbili kwa wiki, na kwa sababu walikuwa kilimani, siku nyingine bomba lilikoroma hewa tu. Ukipanda ngazi ya tangi unaliona ziwa lote lile limejaa mpaka pembeni, ukishuka unafungua koki inakutemea tone. Wakazi wa Mwanza wamezoea kichekesho hicho, hawacheki tena. Dorcas alivizima vile vichwa vya kurushia maji. Akaweka taratibu za nyumba: ndoo moja kwa kuoga, maji ya kusuuza nguo yamwagwe chooni, mashine ifue Jumamosi tu.

Hata hivyo tangi liliisha. Lilijaa Jumanne, Ijumaa asubuhi likawa tupu, watu watatu tu ndani ya nyumba. Wiki iliyofuata liliisha Alhamisi. Dorcas alikuwa amejipaka sabuni kichwani akijiandaa kwenda zamu, koki ikakata. Alitoka bafuni amejifunga kitenge, povu linamwingia machoni, na kitu cha kwanza alichokiona kupitia dirishani ni mama mkwe wake, kopo mkononi, akirusha maji juu ya majani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikwenda mpaka mlangoni akasema kwa sauti ya chini, ile ya wauguzi wanapoongea na mgonjwa mbishi: "Mama, hayo majani yameshakufa. Tunaomba maji yatutoshe sisi tulio hai."

Jioni Alexander alipiga simu. Ni wazi alikuwa ameshaambiwa, maana alizunguka sana, akauliza habari za miguu, habari za kanisani, kisha akafika pale alipokuwa anakwenda. Bustani isimsumbue tena. Atatafuta mtu wa bustani. "Wewe pumzika tu, mama," akasema.

Lilikuwa neno la mapenzi, nalo lilimchoma kuliko lile la Dorcas. Ng'washi aliitika, akarudisha simu mezani kwa mikono miwili, akaingia chumbani. Alitoa mfuko wake chini ya kitanda. Aliweka sweta, vitenge viwili, Biblia na picha ya Machibya. Hakutaka kurudi Bujora, tuseme wazi. Kuku alishawagawa, paa lilikuwa limeanguka upande mmoja, na jirani yake mpenzi alizikwa wakati wa Pasaka. Huko hakuna aliyekuwa akimngoja. Lakini kukaa katika nyumba ya mwanawe kama kiti kisichokaliwa, hilo hakuliweza. Alipanga kuondoka Jumamosi, Dorcas akiwa zamu ya asubuhi na Rebeka amekwenda mazoezi ya kwaya, apande gari la Kisesa, njia ya Bujora, kabla mtu hajamshika mkono.

Jumamosi ikafika. Mfuko ulikuwa mlangoni, viatu miguuni. Lakini mtu wa malezi ya Ng'washi haondoki kwenye nyumba ya watu akaacha uwanja mchafu. Alichukua ufagio, safari hii bila maji, akaanza kufagia kutoka ngazini kuelekea getini. Ukoka ulikuwa mkavu, rangi ya mkeka wa zamani, unavunjika chini ya vijiti. Alifagia bila kuinua macho, machozi yakimdondoka, akikasirika kwamba anadondosha maji palepale aliposhutumiwa.

Karibu na geti, pale Alexander anapoegesha gari akiwepo, ufagio ulibadilika sauti. Ulikuwa unakwaruza, sasa ukawa mzito. Ng'washi aliinama. Mahali pa ukubwa wa ndama aliyelala, hapo tu, majani yalikuwa ya kijani, mabichi, marefu kupita kiasi. Vijiti vya ufagio vilikuwa vimelowa.

 Hapo ndipo mahali asipowahi kurusha hata kiganja kimoja, maana gari lilimwaga oili na yeye aliona ni pachafu.

Msichana aliyekulia Usukumani, aliyechunga ng'ombe wa baba yake miezi ya kiangazi, hahitaji kufundishwa jambo hilo. Mto unapokauka unatembea juu ya mchanga ukitafuta penye kijani, na hapo ndipo unapochimba. Aliweka ufagio chini, akavua viatu vya safari, akazunguka nyuma kuchukua jembe. Alichimba kama mtu anayedaiwa. Futi moja kwenda chini udongo ulikuwa tope, na kidogo zaidi akalikuta bomba jeupe. Kwenye kiungo chake maji yaliyosalia bombani yalikuwa yakichuruzika polepole, bila haraka, kama yamekuwa hapo tangu Noeli.

Alimpigia fundi bomba, Obedi, ambaye namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye mlango wa jokofu. Obedi alikuja, akamwamkia, akachungulia shimo na kupiga mluzi. Lile lilikuwa bomba la kupeleka maji kwenye koki ya getini, ya kuoshea gari. Kwa kuwa gari halikuwepo, hakuna aliyeigusa koki ile kwa wiki kadhaa, na kiungo kilikuwa kimepasuka, pengine kwa uzito wa gari lenyewe. Maji yalitoka kwenye tangi usiku na mchana. Alifunga, akakata, akaunga kipya.

Ng'washi, ambaye angeweza kunyamaza akajishindia, alimwuliza kuhusu majani mengine. Mbona alikuwa akiyanywesha mara mbili kwa siku na bado yamekufa? Obedi alimwomba amwonyeshe namna alivyofanya. Alipoona kile kiganja kinarushwa alicheka, kisha akaona uso wa bibi akaacha. Akamweleza kwamba maji yale yalilowesha vumbi tu, jua likayachukua kabla mizizi haijayanusa. Ukoka ni afadhali uupe mara moja kwa wiki, alfajiri, lakini uupe mengi mpaka ukichoma kijiti kiingie chote, kuliko kuulambisha kila siku. Na ufagio, bibi, uache kabisa.

Dorcas alirudi saa tisa alasiri. Alikuta geti wazi, bustani ina handaki, na mama mkwe wake amekaa ukingoni miguu ina tope mpaka magotini. Akaona na mfuko mlangoni. Unaweza kufikiria alichofikiria. Lakini Obedi alikuwa bado anakusanya vifaa vyake, naye ndiye aliyemweleza yote, kwa majivuno kana kwamba kijani kile alikiona yeye.

Dorcas alisikiliza mpaka mwisho. Akapiga goti palepale kwenye tope, na sare yake nyeupe.

"Mama, nisamehe. Nilikuonea."

"Hukunionea sana, Mama Rebeka," Ng'washi akasema. "Makopo nilimwaga. Na hayo majani niliyaua mimi, kwa ufagio. Inuka, utachafuka."

Dorcas hakuinuka. Aliutazama ule mfuko, akauliza ni wa safari gani. Hapo Ng'washi alisema yaliyokuwa yakimkaa kooni tangu siku aliyoingia. Alisema kila asubuhi akifungua mlango na kuona majani yamefika kwenye ngazi, moyo wake humwambia kwamba nyumba hii ni ya watu waliokufa. Alisema amekuwa akifagia ili aifufue.

Dorcas alikaa chini kabisa sasa. Hakuwa amejua. Kwao Bukoba, alisema, siku ya sikukuu au mgeni mkubwa akija, watu hukata majani mabichi na kuyatandika sakafuni, ndani ya nyumba, na harufu yake ndiyo harufu ya furaha. Ukoka ule ni yeye aliyemwomba Alexander apande, ili akirudi kutoka hospitalini, na yote aliyoyaona huko, akanyage kitu kibichi kabla ya kuingia ndani. Kila alipomwona mama akifagia alidhani anadharauliwa yeye na kwao. Wanawake wawili waliishi nyumba moja mwaka na nusu wakivutana juu ya majani yaleyale, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Sasa unataka nini, mama?" Dorcas akauliza. "Sema tu."

"Pumziko sitaki. Nipe mlangoni."

Wiki iliyofuata waling'oa ukoka wote kuanzia ngazi za baraza mpaka katikati, wakashindilia udongo kwa miguu, Rebeka akiruka kuliko wote. Nusu ya getini ilibaki ya Dorcas. Kila Jumatano, siku ya pili ya maji, Ng'washi aliinywesha kwa mpira alfajiri, polepole, akichoma kijiti kupima, na kabla mvua za vuli hazijaanza ilikuwa imeshachipua. Tangi lilitosha kutoka mgao hadi mgao na kubakiza. Ufunguo wa koki kuu Ng'washi aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, na Alexander akipiga simu siku hizi huuliza kwanza habari za tangi.

Asubuhi ya kwanza uwanja ulipokuwa tayari, Dorcas alifungua mlango akiwa na haraka zake, akasita kwenye ngazi. Chini yake ardhi ilikuwa imefagiwa, mistari imenyooka, hakuna alama hata ya kuku. Alishika viatu mkononi, akaanza kupita pembeni, kwa vidole, ameukumbatia ukuta.

Ng'washi alikuwa kwenye kigoda chake barazani.

"Pita katikati, mwanangu," akamwambia. "Na viatu vyako. Nafagia ili nione mmepita."

Dorcas akapita katikati. Nyuma yake Rebeka akakimbilia gari la shule, akageuka, akarudi kuchukua daftari, akakimbia tena. Ng'washi akabaki na nyumba kimya na nyayo zile, kubwa za kwenda, ndogo za kwenda na kurudi na kwenda, na mpaka jua linazama hakuugusa ufagio.